Maarifa ya Uvuvi: Kuchagua Samaki Mwindaji Anayetosha Tangi la Nyumbani

Samaki wawindaji karibu wote huuzwa wakiwa wachanga. Chewa wa urefu wa kidole hupendeza akiwa kwenye ndoo ya muuzaji, na mnunuzi huondoka akiamini kuwa tangi lake litamtosha. Lakini chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu, Cephalopholis miniata, anayepatikana katika miamba ya Pwani ya Kenya, hufikia sentimita 50. Chewa mkubwa kuliko wote, Epinephelus lanceolatus, hupita mita 2. Wa kwanza hawezi kugeuka vizuri katika tangi la kawaida la sebuleni. Wa pili hana mahali katika nyumba yoyote.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni atakuwa na urefu gani akikomaa, na jina lake hasa ni lipi. Muuzaji asiyeweza kutaja jina la samaki wake hastahili kulipwa.

Kupima tangi

Tangi hupimwa kwa ndani. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 lina lita 270. Mawe na mchanga huchukua sehemu ya nafasi hiyo, kwa hiyo maji yenyewe yatakuwa pungufu. Tangi hilo likijaa hupita kilo 270 kabla ya kuhesabu vioo na mawe, na meza ya kawaida ya chakula haiwezi kulibeba.

Lita pekee hazitoshi kuamua. Tangi refu la kwenda juu laweza kuwa na lita nyingi na bado likamnyima samaki nafasi ya kugeuka. Kipimo cha tahadhari ni hiki: upana wa tangi uwe angalau mara mbili ya urefu wa samaki aliyekomaa, na urefu wa tangi uwe angalau mara tano. Tangi la mfano wetu, lenye upana wa sentimita 45 na urefu wa 120, linafaa samaki asiyezidi takriban sentimita 22.

Nani anaingia, nani haingii

Samaki simba wa kawaida katika bahari yetu, Pterois miles, mwenye mapezi marefu kama manyoya, hufikia sentimita 35. Angehitaji tangi lenye upana wa sentimita 70 na urefu wa 175, kwa hiyo hatoshi. Jamaa yake mdogo, Dendrochirus brachypterus, huishia karibu sentimita 17. Ana umbo lile lile la kuvutia, huwinda vile vile kwa kunyemelea, na anatosha vizuri. Kwa mfugaji anayeanza, huyu ndiye chaguo bora.

Paracirrhites forsteri, samaki mwenye vidoa usoni anayekaa juu ya matumbawe akivizia, hufikia sentimita 22. Anaingia, ila kwa shida kidogo, na hapendi kuwekewa mwenzake wa aina moja. Kikande wengi hawafai: Balistoides viridescens hufikia sentimita 75, na meno yake huvunja kome na kaa, sembuse mpira wa pampu.

Mkunga ana hesabu yake. Echidna nebulosa, mweupe mwenye mabaka meusi, huwa mrefu kuliko hao wote, mara nyingi zaidi ya sentimita 60, lakini mwili wake hujikunja na hupenda kulala pangoni. Tatizo lake ni kutoroka. Hupenya kwenye upenyo mdogo sana, na mwenye nyumba humkuta asubuhi amekaukia sakafuni. Mfuniko lazima uzibe kila tundu, hata pale waya wa pampu unapopita.

Wenzake ndani ya tangi

Samaki mwindaji humeza chochote kinachoingia kinywani mwake, na kinywa cha samaki simba au chewa hufunguka zaidi ya kinavyoonekana. Samaki mwembamba yumo hatarini hata akiwa na urefu wa nusu ya mwindaji. Kamba wadogo wa kusafisha tangi ni kitoweo tu. Mwenza anayefaa ni yule mwenye mwili mpana usiomezeka, na asiye na tabia ya kudonoa mapezi.

Chakula na maji

Mwindaji hula nyama, na nyama huchafua maji. Mabaki na kinyesi hutoa amonia, ambayo bakteria huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya. Samaki asiingizwe kabla vipimo vya amonia na nitraiti havijasoma sifuri.

Samaki mkubwa alishwe mara mbili au tatu kwa wiki: vipande vya kamba, ngisi na samaki wa baharini, kwa kubadilisha. Kumpa aina moja ya samaki mbichi kwa miezi mingi kunaweza kumpunguzia vitamini B1. Maji ya bahari yasichotwe karibu na midomo ya mito wakati wa mvua. Kule Malindi, Mto Sabaki huleta tope jingi msimu huo. Na kwa kuwa stima hupotea, pampu ya hewa ya betri iwe karibu.

Miiba yenye sumu

Samaki simba, hata yule mdogo, ana sumu katika miiba yake. Mkono usiingizwe tangini bila kujua alipo, na watoto wazuiliwe kabisa. Aliyechomwa atumbukize sehemu hiyo katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, na apelekwe hospitali.

Kununua, na akizidi tangi

Kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni, na ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu hakuna uvuvi unaoruhusiwa. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji samaki ametoka wapi.

Samaki akizidi tangi, asirudishwe baharini. Anaweza kubeba vimelea alivyovipata tangini, na kama ni wa kutoka nchi nyingine, madhara huwa makubwa zaidi. Samaki simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki walionekana Florida, Marekani, mwaka wa 1985, na inaaminika walitoka kwenye matangi ya nyumbani. Leo wameenea Karibea yote, wakila samaki wachanga wa miamba ya huko. Mfugaji aliyekwama ampe muuzaji au mwenye tangi kubwa zaidi, au apate ushauri wa afisa wa uvuvi wa wadi yake.