Kumshirikisha Mwanafunzi Mwenye Haya Katika Safari ya Shule

Katika kila darasa la sita au la saba hakosi mwanafunzi ambaye jina lake husomwa asubuhi katika daftari la mahudhurio, akaitikia "Nipo," kisha sauti yake isisikike tena hadi kengele ya kurudi nyumbani. Aghalabu ana umri wa miaka 12 hadi 15, umri ambao mwili hubadilika upesi na mtoto huona kana kwamba macho yote yanamtazama yeye. Darasani anaweza kujificha nyuma ya migongo ya wenzake 80. Safarini hana pa kujificha, wala hawezi kukimbilia nyumbani. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi aweze kumshirikisha mtoto huyo katika shughuli za vijana wakati wa safari ya shule, yaani michezo, kwaya, ngonjera, kazi za kambini na mazungumzo ya jioni.

Tutatumia mfano wa safari iliyo karibu na shule za Mpanda, nayo ni ile ya treni hadi Tabora. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Tuseme wanafunzi 40 wa darasa la sita wanakwenda kuona tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Shule moja ya Tabora itawakaribisha kwa siku mbili. Watacheza netiboli na mpira wa miguu, watapika pamoja, na jioni ya mwisho kila shule itaonyesha sanaa zake.

Neno "haya"

Kabla ya kuingia katika mbinu, yafaa tulipime neno lenyewe. Katika Kiswahili kumwambia mtu kuwa hana haya ni kumtukana, tena tusi zito. Kumwambia kuwa ana haya ni karibu na kumsifu. Watoto wengi wa huku kwetu, wawe wa Kisukuma, wa Kifipa au wa Kikonongo, wamefundishwa nyumbani kuinamisha macho wanaposema na mkubwa, na katika nyumba nyingi msichana hupiga goti ndipo aamkie. Anapofika shuleni mwalimu humwambia, "Toa haya! Nitazame usoni! Sema kwa sauti!" Mwalimu hudhani anamtia moyo; mtoto husikia anaamriwa awe mtu asiye na haya mbele ya watu. Kati ya amri mbili, ya mama na ya mwalimu, yeye huchagua kunyamaza.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri unaosikika mara nyingi, kwamba dawa ya mtoto mkimya ni kumsimamisha mbele ya wenzake tena na tena hata azoee. Wachache huzoea. Wengi hujifunza kuugua siku ya zamu yao.

Lipo pia kosa lililo kinyume cha hilo, nalo ni la kawaida zaidi kwa sababu halina kelele. Mwalimu mwenye darasa kubwa humshukuru Mungu kwa mtoto asiyesumbua, akamwacha alivyo. Katika safari mtoto huyo hukalishwa kando alinde mabegi, na mabegi hulindwa vizuri sana, lakini yeye hurudi Mpanda bila kuwa amesema maneno kumi.

Kuchunguza sababu

Si kila ukimya ni haya. Yupo asiyesikia vizuri kwa sababu ya maradhi ya masikio ya utotoni. Huyo hukaa kando ya mchezo kwa kuwa hakuyapata maelekezo. Mwite jina kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa kisogo, na uone kama atageuka. Yupo ambaye Kiswahili bado ni lugha yake ya pili, naye huogopa kuchekwa kwa matamshi. Yupo asiye na kaptura wala viatu, ambaye husema hapendi mpira.

Kwa wasichana liko jambo ambalo walimu wa kiume hulipita kimya. Msichana wa miaka 13 aliyepata hedhi karibuni, anayejua kuwa atakaa saa nyingi ndani ya behewa na kulala katika bweni la wageni, atakataa netiboli, atakataa ngoma, na pengine atakataa safari yenyewe. Hapo maneno ya kutia moyo hayana kazi. Kinachotakiwa ni mwalimu wa kike katika safari, akiba ya taulo za kike katika sanduku la huduma ya kwanza, na wasichana wote waelezwe mapema sanduku hilo liko kwa nani, ili asiwepo wa kuomba mbele za watu.

Jambo jingine ni la mahali petu. Kuanzia mwaka 1972 wakimbizi wengi kutoka Burundi walipokewa huku, yakaanzishwa makazi ya Katumba na Mishamo; mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Wajukuu wao ni wanafunzi wetu. Sasa, treni ya Tabora hupita Katumba. Ikisimama pale, mtani mmoja dirishani aweza kumwambia mwenzake, "Shuka, umefika kwenu," behewa zima likacheka, na mtoto aliyekuwa ameanza kuchangamka asiseme tena hadi mwisho wa safari. Mwalimu asingoje jambo hilo litokee ndipo akemee. Alitangulie: kila kundi lipewe kituo kimoja cha njiani, likitangaze treni ikifika, na kueleza kinacholimwa hapo. Katumba itangazwe kama Ugalla na Kaliua zinavyotangazwa, kwa mahindi na tumbaku yake. Wala mtoto wa Katumba asilazimishwe kuwa yeye ndiye mtangazaji; aulizwe faraghani, na jibu lake liheshimiwe.

Matayarisho ya wiki mbili

Kazi kubwa ya kumshirikisha mtoto mwenye haya hufanyika kabla tiketi hazijakatwa. Mtoto huyu huogopa zaidi jambo asilolijua kuliko jambo gumu. Basi mpango wa safari uandikwe ubaoni siku 14 kabla: saa ya kuondoka, nani atakaa na nani, watalala wapi, vyoo vikoje, mchezo gani utachezwa siku gani. Walio wachangamfu watausoma mara moja na kuusahau, yeye ataunakili.

Darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto saba au wanane. Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kijana, na hadi leo skauti hufuata utaratibu huo. Faida yake kwa somo letu ni kwamba katika kundi la watu wanane mtoto akikosekana pengo huonekana, ilhali katika umati wa 40 halionekani. Mtoto mwenye haya awekwe pamoja na rafiki mmoja anayemzoea. Rafiki mmoja yatosha. Asipewe "mlezi" kutoka miongoni mwa wasemaji wakubwa wa darasa, maana hao hupenda kumsemea.

Kisha kila mtoto apewe kazi, na hapa ndipo penye kiini cha njia ninayoipendekeza: kazi itangulie mchezo, na mchezo utangulie jukwaa. Mtoto mwenye haya huona vigumu kuingia mahali ambapo sababu yake ya kuwapo ni kufurahi tu. Akiwa na kazi, ana sababu ya kuwa pale, na mikono yake ina cha kushika. Atunze mpira na pampu yake. Aandike mabao. Agawe maji. Kazi iwe ya kweli, ambayo isipofanywa wenzake watapungukiwa, tena iwe inamkutanisha na watu. Ndiyo maana kulinda mabegi hakufai. Mgawa maji hulazimika kumfikia kila mchezaji na kusemeshwa naye.

Ndani ya behewa

Tuchukue mvulana wa Inyonga ambaye baba yake ni mfugaji wa nyuki. Darasani hajibu swali. Lakini treni inapopita katika misitu ya miyombo, yeye anaijua mizinga inayoning'inia mitini, na anajua kwa nini hutundikwa juu. Mwalimu asimwambie, "Simama utueleze habari za nyuki." Amkabidhi daftari, aihesabu mizinga itakayoonekana kutoka dirisha la upande wake, na mwenzake aihesabu ya upande wa pili. Muda si mrefu wenzake watamwuliza: ule ni mzinga au ni kiota? Huo wa gome au wa gogo? Atajibu, kwa sababu ameulizwa na mmoja, si na 40, na kwa sababu anajua.

Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mtaalamu wa elimu nafsia wa Marekani, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aitwaye Peter aliyekuwa akimwogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Alimweka mbali wakati mtoto anakula chakula akipendacho, akamsogeza kidogo kidogo kwa siku nyingi, na wakati mwingine aliwaleta watoto wengine wasioogopa wacheze karibu. Mwishowe Peter alimshika sungura kwa mkono wake. Umati ndio sungura wa mwanafunzi wetu. Msogeze kwa hatua: kwanza bao au mdako kwa watu wawili katika benchi, kisha vitendawili katika kundi, kisha wimbo wa behewa zima ambamo sauti yake imo lakini haionekani.

Uwanjani na jioni ya sanaa

Uwanjani mpe nafasi ya kutazama kwa muda, ila atazame akiwa na kazi. Baada ya robo ya kwanza ya mchezo mwulize, "Utaingia sasa, au baada ya mapumziko?" Swali hilo lina milango miwili, na yote inaingia ndani. Akisema hapana, mwache, na usimwulize tena mbele ya wenzake siku hiyo.

Kwa jioni ya sanaa ngonjera inafaa kuliko hotuba au mzaha. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeieneza sanaa hii ya majibizano, na shule zetu zimeitumia tangu wakati huo. Mtoto mwenye haya hupata ndani yake maneno yaliyokwisha kutungwa, zamu inayojulikana, na mwenzake wa kujibizana naye. Kinachomtisha ni kutafuta la kusema huku anatazamwa. Ngonjera humwondolea mzigo huo. Kundi liseme kiitikio kwa pamoja, na beti mbili tu ziwe za mtu mmoja mmoja.

Akifanya vizuri, usimpigishie makofi ya pekee wala usitangaze, "Leo hata fulani amesema!" Hilo "hata" limewaumiza wengi. Mwambie baadaye, kwa sauti ndogo, jambo moja uliloliona: "Ubeti wako ulisikika hadi nyuma."

Walimu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika watayapatanisha haya na safari za majini. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kurudishwa kazini mwaka 1927 baada ya kuzamishwa na kuinuliwa, kwa miaka mingi iliwachukua abiria wa Ikola na Karema kutoka katika mashua ndogo ziwani. Katika chombo cha namna hiyo mtoto mwenye haya hutafuta pembe ya sitaha ya kukaa peke yake. Hapo zaidi ya upweke iko hatari ya maji, basi kazi yake na rafiki yake vipangwe kabla ya kupanda. Mwenye kichefuchefu asidhaniwe kuwa ana haya.

Baada ya kurudi

Wiki ifuatayo mwite yule mwandishi wa mabao au mhesabu mizinga akuletee daftari lake, likatumike katika somo la Hisabati. Endelea kumpa kazi ileile shuleni kwa muhula mzima kabla ya kumwongezea nyingine.

Zoezi kwa walimu wanafunzi

1. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, chagua mwanafunzi mmoja mkimya. Kwa siku tano andika anasema na nani, mahali gani, na kuhusu nini. Usimsemeshe kwa ajili ya zoezi hili.

2. Msichana wa darasa la saba, mpishi hodari, amekubali kusafiri kwa sharti kwamba hataimba wala kucheza. Mama yake anakuomba umlazimishe, "achangamke kama wenzake." Andika utakayomwambia mama, na kazi utakayompa binti kwa kila siku ya safari.