Mtego wa Kaskazi Hauijui Kusi

Chota maji ya bahari, yaache kwenye chupa usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi limetua chini: mwani mdogo uliokufa, kinyesi cha zooplanktoni, utelezi wa bakteria, vipande vya majani ya mikoko. Wenye fani huita theluji ya bahari, jina la ajabu kidogo kwa watu wa Pwani. Ndicho chakula cha kaa na majongoo bahari huko chini.

Kasi ya kuzama ndiyo inayoamua. Seli moja ya mwani hushuka kama mita 1 kwa siku, au pungufu. Kwenye kina cha mita 30 ingehitaji mwezi mzima, na bakteria hawangoji mwezi. Lakini ikiliwa na kutoka ndani ya punje ya kinyesi, punje hiyo yaweza kushuka mita 100 kwa siku. Safari inakwisha kwa saa 7 hivi. Ni Stokes yuleyule wa fizikia: kipenyo mara 2, kasi mara 4, uzito wa asili usipobadilika.

Sasa misimu. Pwani ya Omani, kusi husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, maji baridi yenye virutubisho yanapanda, mwani unastawi. Mitego iliyoanza kutegwa Bahari ya Arabuni mwaka 1986 ilionyesha chembe zikimiminika sana Juni hadi Septemba. Kwetu kuna pia masika: Rufiji inamwaga tope, nalo likigandamana na mwani linauongezea uzito.

Hapo ndipo wanafunzi tunapojidanganya. Tunatega Februari, bahari imetulia na boti zinatoka, halafu wiki 2 tunazidisha kwa 26 tupate "kiwango cha mwaka". Nilifanya hivyo, msimamizi akachora ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu. Nikarudi Julai, mtego ukajaa! Kumbe furaha ya bure: mawimbi yalitibua tope kuukuu la sakafuni, likaingia mtegoni.

Kwa hiyo tega miwili, mmoja karibu na sakafu, mwingine juu. Pima asilimia ya kaboni ya viumbe katika yote miwili, na katika tope la sakafuni. Wa chini ukijaa kupita wa juu, na kaboni yake ikifanana na ya tope, umekamata uchafu wa jana. Na jamani, formalini msisahau. Bila hiyo wadudu wanakula data kabla hujarudi na boti.