KINYONGA MCHANGA: CHAKULA CHAKE NA MAKAZI YAKE

Leo tunajifunza juu ya mnyama mdogo ambaye wengi wetu humwogopa bure. Mnyama huyo ni kinyonga. Somo hili lilianzia darasani kwetu hapa Sanya Juu, nasi tumeona tulilete gazetini ili wenzetu nao wafaidike.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mama mmoja, mwanakisomo wetu, alikuja darasani na mjukuu wake anayesoma darasa la nne. Mtoto alishika kopo la maziwa ya unga. "Shikamooni," akasema, kisha akafungua kopo. Ndani mlikuwa na vinyonga wachanga tisa, kila mmoja urefu wa kidole cha mwisho cha mkono. Alikuwa amewaokota kwenye ua wa masale.

"Nataka kuwalea wakue, niwauzie wazungu wanaopita kwenda Londorosi kupanda mlima," alisema. "Nipate hela za madaftari."

Lo! Darasa lilivurugika. Wengine walikimbilia mlangoni. Mzee mmoja akasema, "Tupa hao, wana sumu!" Sisi nasi tulikosea. Hatukuuliza anayejua. Tulimwambia mtoto awape punje za ugali, na maji kwenye kifuniko cha soda. Siku ya tatu sita walikuwa wamekufa. Hapo ndipo tulipokwenda kusoma na kuuliza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KINYONGA HANA SUMU

Hakuna kinyonga mwenye sumu. Akivimba, akafumbua kinywa na kubadili rangi, ujue anayeogopa ni yeye.

Watu husema pia kwamba kinyonga jike akizaa hupasuka tumbo akafa. Si kweli. Kinyonga wa kijani wa mashambani hushuka chini, huchimba shimo kwenye udongo wenye unyevu, hutaga mayai mengi, hufukia, kisha huenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Lakini baadhi ya vinyonga wa sehemu za baridi, kama yule wa pembe tatu wa Mlima Meru, huzaa watoto walio hai. Mayai yangepata shida kukua katika udongo wa baridi, kwa hiyo mama huyabeba tumboni. Akiisha kuzaa hapasuki, na anaweza kuzaa tena.

Jambo la kukumbuka ni hili: mama kinyonga halei watoto. Mtoto hujitafutia chakula mwenyewe tangu siku za kwanza.

CHAKULA

Kinyonga mchanga hali ugali. Anakula wadudu walio hai, tena wanaotembea. Mdudu asipotikisika, mara nyingi kinyonga hana habari naye. Macho yake hugeuka kila moja upande wake. Akiona mdudu, macho yote mawili humwelekea, kisha ulimi hufyatuka. Ulimi huo ukinyooshwa huweza kuwa mrefu kuliko mwili wake.

Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Kwa mtoto, wanaofaa ni vile vijiinzi vinavyozunguka ndizi mbivu za kutengenezea mbege, na panzi waliotoka kuanguliwa. Anahitaji kula kila siku.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kila mtoto anakula wadudu 10 kwa siku. Watoto 9 watakula 90. Kwa siku 30 watakula 2,700. Nani atawakamata wadudu hao wote? Tena wengine kati yao ni wale wale wanaotuharibia mazao.

MAJI

Kinyonga hanywi majini kama kuku. Hulamba matone ya umande na mvua juu ya majani. Kile kifuniko chetu cha soda kilikuwa bure kabisa. Vinyonga wale walikuwa na kiu huku maji yakiwa karibu yao!

MAKAZI

Ndani ya kopo hakuna hewa ya kutosha. Likiwekwa juani linakuwa chungu cha kupikia. Kinyonga mchanga anahitaji mambo haya:

1. Vijiti vyembamba kama njiti ya kiberiti. Vidole vyake vimeumbwa kushika kijiti, si kutembea juu ya bati.

2. Majani mengi ya kujificha. Ndege na nyoka humla.

3. Jua la asubuhi, na kivuli karibu. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na mifupa hupata nguvu. Kinyonga akikosa jua, mifupa yake hulegea na kupinda. Je, si ndivyo Bibi Afya anavyotueleza juu ya matege ya watoto wetu?

4. Kukaa peke yake. Wakibanwa pamoja wanatishana, na mnyonge huacha kula.

Wako watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga vinyonga nyumbani. Huwajengea vizimba vya wavu, huwawashia taa maalum zenye miale kama ya jua, huwanyunyizia maji majani kila siku, na hufuga wadudu wa kuwalisha. Hata hivyo wengi huwafia. Fedha zote hizo ni za kununua kile ambacho ua wetu wa masale unatoa bure.

Tena mnyama akihamishwa huweza kuleta balaa kwingine. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa visiwa vya Hawaii ili wauzwe. Waliachiwa nje, wakazaana, wakaenea. Leo wanakula wadudu na konokono wa huko ambao hawapatikani mahali pengine duniani.

SHERIA INASEMAJE?

Kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata wala kuuza wanyamapori bila kibali. Nchi yetu imo pia katika mkataba wa kimataifa uitwao CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na vinyonga wamo humo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Kwa hiyo mpango wa mtoto wetu ungeweza kumtia matatani, yeye na bibi yake.

BASI TUFANYEJE?

Vinyonga watatu waliobaki tuliwarudisha kwenye masale asubuhi, umande ukiwa bado upo. Kila mmoja tulimweka mbali na mwenzake. Yule mzee aliyesema wana sumu ndiye aliyembeba wa mwisho mkononi.

Na madaftari je? Bibi alimpa mjukuu wake tetea mmoja. "Huyu lea," alimwambia, "mayai yake uza, hakuna atakayekukamata."

Nasi tulikubaliana hivi: tusifyeke ua wote kwa mara moja, tusichome majani kabla ya kutazama, tusipulizie dawa ya wadudu kwenye ua, na watoto waangalie kinyonga bila kumchukua. Ukifanya hivyo, utakuwa umemlea kinyonga bila kununua chochote.

MANENO MAPYA

Kufyatuka: kutoka ghafla na kwa nguvu.
Matege: miguu iliyopinda.
Kibali: ruhusa inayotolewa na mamlaka, mara nyingi kwa maandishi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini vinyonga sita walikufa? Taja sababu tatu.
2. Kinyonga hunywaje maji?
3. Vinyonga 4 wakila wadudu 15 kila mmoja kwa siku, watakula wangapi kwa wiki moja?
4. Kijijini kwenu watu husema nini juu ya kinyonga? Lipi ni kweli, na lipi si kweli?
5. Mtoto wako akija na kopo kama lile, utamwambia nini? Andika jibu lako kwa sentensi tano.