Panga mambo yako akili ikiwa bado timamu

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alipigwa na kiharusi. Mwili ulipata nafuu kidogo lakini akili haikurudi. Hata watoto wake hakuwatambua. Pesa zake za uzeeni zilikuwa benki kwa jina lake peke yake. Mama alikwenda huko na kitambulisho cha mzee, cheti cha ndoa na barua ya chifu. Akarudishwa. Kijana wao mkubwa akamwambia, "Mama usijali, mimi niko na hati. Mzee aliniandikia pawa ofu atoni kwa loya." Wakaenda tena pamoja. Karani alipouliza hali ya mzee na kuambiwa ukweli, akasema hati hiyo haifanyi kazi tena. Mama alikuja kwangu akilia. Aliamini kabisa kwamba benki inataka kula jasho la mumewe.

Benki haikukosea. Ilinichukua karibu asubuhi nzima kumweleza hivyo, na tangu siku hiyo nimekutana na familia nyingine zilizoanguka shimo lilo hilo. Ndiyo sababu tunajifunza jambo hili leo.

Hati ya uwakili ni nini? Ni karatasi ambayo kwayo unamruhusu mtu afanye jambo badala yako: kuuza ng'ombe, kufuata title kwa ofisi ya ardhi, kutoa pesa. Mtu huyo anasimama katika viatu vyako. Basi ikiwa wewe mwenyewe huwezi tena kuelewa na kuamua, viatu vimebaki bila mwenyewe, na uwezo wake unakwisha hapo hapo. Haijalishi hati ilipigwa muhuri na kuandikishwa. Wengi hufikiri hati hii ni ya siku mbaya. La, ni ya siku nzuri: uko hospitali na mguu umevunjika, au uko safarini, lakini akili yako ni nzima.

Watoto walio Uingereza hutuma fomu za huko wakisema, "Mama, weka sahihi hapa." Ni kweli Uingereza ilitunga sheria mwaka 1985 ya hati inayoendelea hata akili ikipotea, na kuanzia 2007 ina hati mpya ya namna hiyo. Kenya hatuna sheria kama hiyo. Fomu ya huko usiitegemee kwa shamba lako la hapa.

Kwetu, akili ikishapotea, njia ni ya korti. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyofanyiwa mabadiliko 2022, inaruhusu jamaa kuomba korti iteue mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake. Inatakiwa ripoti ya daktari. Msimamizi hawezi kuuza shamba wala kuliweka rehani bila ruhusa ya korti, tena lazima apeleke orodha ya mali na hesabu ya kila mwaka. Ni sheria nzuri, inamlinda mgonjwa. Shida ni kwamba inataka loya, nauli na miezi ya kungoja, na dawa za mzee hazingoji.

Sasa, mtu afanye nini mapema? Kwanza akaunti. Mume na mke wanaweza kuwa na akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yao anatoa pesa. Lakini benki zina masharti tofauti, kwa hiyo uliza wazi: "Mmoja wetu akipotewa na akili, itakuwaje?" Usidanganyike na jina la mrithi uliloandika kwa SACCO. Huyo hulipwa ukifa, si ukiugua.

Wosia nao hufanya kazi baada ya kifo tu, lakini lazima uandikwe akili ikiwa timamu, ndiyo maana ninautaja hapa. Chini ya Sheria ya Urithi (Waislamu wana utaratibu wao), wosia wa maandishi unatakiwa mashahidi wawili, na ni vizuri wasiwe watu utakaowaachia kitu. Wazee wetu hupenda kusema kwa mdomo, "Hili ni la fulani, lile ni la fulani." Maneno hayo, hata yakisikiwa na mashahidi wawili, yana nguvu ya wosia ikiwa msemaji atafariki ndani ya miezi 3. Ugonjwa wa kusahau unaweza kwenda miaka kumi! Aliyosema mzee kwa mdomo yanakuwa yamekufa kabla yake.

Wenye ploti na nyumba za kukodisha wamuulize loya juu ya amana ya familia, ambayo sheria iliitambua waziwazi mwaka 2021. Mali ikishakabidhiwa kwa wasimamizi wa amana, haisimami kwa sababu wewe umeugua.

Halafu andika barua: ungetaka nani akutunze, ulale wapi, nani asimamie pesa. Korti haifungwi na barua hiyo, lakini ni vigumu kuipuuza. Na katika kuchagua, mtazame mtu mwenyewe, si nafasi yake ya kuzaliwa. Nimetembelea nyumba nyingi ambamo binti ndiye anayemwogesha mama, na karatasi zote ni za kaka aliye mjini. Chagua anayejua kutoa hesabu.

Je, aliyeanza kusahau amechelewa? Si lazima. Sheria humchukua mtu mzima kuwa na akili timamu mpaka anayepinga athibitishe. Mtu anaweza kusahau alikula nini jana na bado akajua vizuri ana mashamba mawili na watoto watano. Aende kwa daktari, apate barua ya kuthibitisha kwamba anaelewa anachofanya, na siku hiyo hiyo aweke sahihi.

Lakini kumshika mzee asiyejijua kidole gumba na kukigandamiza kwa wino juu ya karatasi ya kuuza shamba, huo ni wizi, hata kama pesa ni za matibabu. Mnunuzi anaweza kulipoteza shamba na nyinyi mkashtakiwa. Kutumia PIN ya M-Pesa ya mama asiyejijua nako kuna hatari yake. Kila shilingi andikeni kwa daftari, ndugu wote waone.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Mimi nikipigwa na kiharusi usiku huu, kesho nani ataweza kutoa pesa za hospitali, na kwa njia gani?

Katika nyumba yetu, nani anajua title, kadi ya benki na vitabu vya SACCO viko wapi?

Kuna mzee hapa kijijini ambaye ameanza kusahau? Nani ataongea na familia yake wiki hii?