Maji Ndani ya Mafuta: Somo kwa Mafundi wa Ndege na kwa Wanafunzi

Mwalimu wa fizikia aliyeko Mbinga, Liuli au Mbamba Bay hahitaji maabara kubwa ili kufundisha jambo ambalo kwa fundi wa ndege ni la uhai na kifo. Ndege itokayo uwanja wa Songea na boti ya injini katika Ziwa Nyasa zina adui mmoja: maji yaliyojificha ndani ya mafuta.

Maji hayo huingiaje? Tangi lisilojaa huwa na hewa yenye mvuke. Usiku wa Juni au Julai katika nyanda za juu za Umatengo, ukuta wa tangi hupoa na mvuke hugeuka matone. Densiti ya maji ni gramu 1 kwa sentimeta moja ya ujazo; ya mafuta ya jeti ni kama 0.8. Kwa hiyo matone huzama na kutuama chini.

Pipa lililosimamishwa nje lina hatari nyingine. Mvua hutuama juu ya mfuniko wake. Hewa ya ndani ikipoa, kanieneo hupungua, na maji hunyonywa kupitia hesi za kizibo. Ndiyo sababu pipa hulazwa, vizibo vyake viwili vikiwa katika mstari mmoja wa mlalo, tena chini ya paa.

Madhara yake si madogo. Angani, penye baridi kali, maji huganda. Tarehe 17 Januari 2008, ndege aina ya Boeing 777 iliyotoka Beijing ilianguka kabla ya kuifikia njia ya kutulia ndege ya uwanja wa Heathrow, London, kwa kuwa barafu ilizuia mafuta yasifike kwenye injini zake. Hakuna aliyekufa. Mafuta yale yalikuwa yametimiza masharti ya ubora. Hata maji kidogo yalitosha kuleta msiba.

Sasa tufanye jaribio, mbali na moto wowote. Tia mafuta ya taa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya jeti, katika chupa ya kioo. Ongeza vijiko viwili vya maji, funga, tikisa. Mchanganyiko utakuwa na ukungu, kisha maji yatajitenga. Tazama: matone makubwa hutangulia. Kasi ya kuzama kwa tone dogo hufuata mraba wa kipenyo chake; tone lenye nusu ya kipenyo huzama kwa robo ya kasi. Kwa sababu hiyo fundi, baada ya kujaza tangi, husubiri kwanza, ndipo hufungua bomba la chini kabisa na kukinga sampuli katika chombo cha kioo.

Lakini upo mtego. Ikiwa kilichotoka ni maji matupu, chombo hakitaonyesha mpaka wowote, na fundi mwenye haraka atasema, “Mafuta ni safi.” Dawa yake ni rahisi: dondosha tone la maji. Likizama likiwa duara, hayo ni mafuta. Likipotea, hayo ni maji.

Maswali

1. Kwa nini yafaa kujaza tangi la ndege jioni kuliko asubuhi?

2. Tone moja lina kipenyo cha theluthi moja ya jingine. Litachukua muda mara ngapi zaidi kufika chini?

3. Je, macho pekee yatosha kuthibitisha usafi wa kimiminika? Toa sababu.