Somo la Leo: Shusha Dumu Chini

Babati ni mji wa njia panda. Magari ya Arusha, Dodoma na Singida hupita hapa na kujaza mafuta. Watu wa vijijini nao huja na madumu. Mkulima wa mpunga kutoka Magugu hutaka petroli ya mashine ya kuvuta maji. Utamsikia mwenye bodaboda akisema:

"Dada, jaza hapo hapo kwenye pikipiki. Nina haraka."

"Hapana, kaka. Shusha dumu kwanza."

Dada huyu hana roho mbaya. Anaogopa moto. Tujifunze sababu yake.

Umeme wa kusugua

Chukua kitana cha plastiki. Kisugue sana kwenye sweta kavu. Kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vipande vitaruka na kunata. Kitana kimepata umeme kwa kusuguliwa. Huu huitwa umeme tuli. Hausafiri kwenye waya kama ule wa TANESCO. Hukaa mahali pamoja mpaka upate njia ya kutoka. Wakati wa baridi na ukavu, sweta la nailoni hulia ta-ta-ta unapolivua. Ni umeme huo huo.

Petroli nayo husuguana na bomba inamopita. Umeme mwingine hubaki kwenye bomba, mwingine huenda na petroli. Mbona maji ya bomba hayana shida hii? Kwa sababu maji hupitisha umeme kwa urahisi, basi umeme haukai. Petroli hupitisha umeme kwa shida sana. Kwa hiyo umeme hulimbikizana ndani yake. Mafuta yakienda kasi, umeme huongezeka. Yakianguka kutoka juu na kurukaruka, huongezeka pia.

Cheche inatoka wapi?

Tuseme debe la chuma limewekwa juu ya plastiki au mpira. Umeme wake hauna njia ya kwenda ardhini. Unaweza kuruka ghafla kutoka kwenye debe hadi kwenye mdomo wa pampu. Hiyo ndiyo cheche. Na hapo pana mvuke wa petroli. Mvuke huu hauonekani, lakini huwaka upesi, hata siku ya baridi. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, moto uliwaka namna hii. Watu walikuwa wakijaza madebe nyuma ya pikapu zilizotandikwa plastiki.

Wenye malori ya mafuta wanaijua hatari hii. Kabla ya kushusha mafuta, huunganisha waya kutoka kwenye lori hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Umeme hupita humo. Matanki makubwa nayo huanza kujazwa polepole, mwendo wa mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame ndani ya mafuta.

Tufanye nini?

1. Zima injini. Usivute sigara.
2. Tumia chombo kilichotengenezwa kwa petroli. Ndoo na chupa za maji hazifai.
3. Weka chombo chini, juu ya ardhi yenyewe. Usikiweke juu ya turubai, mpira wala kiti cha gari.
4. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa chombo muda wote.
5. Jaza polepole. Usijaze mpaka juu kabisa.
6. Moto ukiwaka, usichomoe mpira wa pampu. Uachie, rudi nyuma, piga kelele pampu izimwe.

Kushusha dumu ni kazi ya dakika moja. Kidonda cha moto huuguzwa miezi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini umeme hulimbikizana kwenye petroli, lakini si kwenye maji?
2. Waya wa lori la mafuta una kazi gani?
3. Kijijini kwenu petroli huhifadhiwa na kumiminwa vipi? Mtarekebisha nini?