Nipe mji: ninavyofundisha hadithi yenye njia nyingi

Muhula uliopita darasa langu la uandishi wa kubuni lilininunia. Nilikuwa nawasimulia kuhusu "afternoon, a story" ya Michael Joyce, hadithi ya kompyuta ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo msomaji akibonyeza neno hili inampeleka huku, akibonyeza lile inampeleka kule. Swali pekee nililopata: hiyo itakuja kwenye mtihani?

Nikazima projekta, nikapaza sauti: "Kitendawili!"

"Tega!" Ukumbi mzima, hata yule wa nyuma aliyekuja kuchaji simu tu.

Nikatega kigumu makusudi. Wakahangaika, wakashindwa, nikadai mji. Wakanipa Tabora. Basi nikaenda Tabora: nikapokewa stesheni, nikalishwa maembe na asali, nikaletewa mashauri ya ndoa, na jibu sijalitoa. Walipoanza kupiga meza nikawauliza: mngenipa Tanga, ningesimulia haya haya?

Hila yangu ni hiyo, na siipi nafasi ndogo. Mtego, majaribio, kushindwa, mji, safari, jibu: kila kimoja kinakuwa ukurasa wake, na kwenye mji ndipo njia zinapoachana. Wachore kwanza kwenye karatasi. Sharti langu moja halina mjadala: mji lazima uguse jibu. Safari za mapambo nazirudisha. Binti mmoja aliandika kitendawili ambacho ukikipa Morogoro unakutana na mwenye nyumba anayekudai kodi, na jibu ulilokuwa nalo kichwani linageuka. Ukikataa kutoa mji, hadithi haisogei; inakuuliza tena, kila mara kwa adabu kidogo zaidi, mpaka unaona aibu. Sijawahi kufundisha mbinu hiyo. Nilimpa A.

Programu tunayotumia ni Twine, aliyoibuni Chris Klimas mwaka 2009. Ni ya bure, na kiungo unakiandika kwa mabano mraba mawili mawili. Mengine mtayaona wenyewe. Ila jueni kwamba ile ya kwenye kivinjari hutunza kazi ndani ya kivinjari hicho hicho, na kompyuta za maabara nyingi hujisafisha zikizimwa. Kipindi kisiishe kabla kila mtu hajatoa faili lake la HTML na kujitumia kwa WhatsApp. Ni faili moja, na likishapakuliwa linasomeka bila bando.

Msitegemee flashi. Kijana mmoja wa Kariakoo aliniuzia ya "GB 64, orijino kabisa bosi", ikapokea mafaili yote kwa unyenyekevu na kufungua machache. Niliporudi, meza ilikuwa inauza soksi.

Sasa usahihishaji. Nilikusudia kuwapa vigezo vyangu, lakini idara ilitaka kwanza nakala ngumu, zilizojalidiwa, zenye namba za kurasa. Hadithi isiyo na ukurasa wa pili! Tulibishana hadi ofisi ikafungwa. Mwishowe yule binti akazipanga kurasa kwa alfabeti ya miji, Arusha mbele, Zanzibar nyuma, akazitia namba, akapeleka. Karani akahesabu, akagonga muhuri.